Mgeni Katika Mji wa Juu: Kuutalii Mji wa Quito kwa Jicho la Kiswahili

Utangulizi

Neno 'mtalii' limezoeleka mno vinywani mwa Wakenya hata maana yake ya awali imefifia. Likitajwa, taswira inayowajia wengi ni ya mtu mwenye kofia pana na kamera shingoni, ameketi garini akimtazama simba. Hata hivyo, kitenzi 'talii' kimetokana na Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotuzalia neno 'mtalaa', yaani masomo. Kutalii, kwa asili, ni kudurusu: kulipitia jambo kwa macho ya makini mithili ya mtu asomaye kitabu. Kwa mtazamo huu, mtalii ni msomaji na mji anaoutembelea ni matini.

Makala haya yanairejelea maana hiyo kongwe na kuitumia kuutazama mji wa Quito, mji mkuu wa Ekuador katika Amerika ya Kusini. Hoja inayoendelezwa ni kwamba mgeni huuona mji kupitia lugha aliyoibeba, na kwamba mzungumzaji wa Kiswahili ana zana za kuusoma mji huu ambazo vijitabu vya watalii havina. Zana hizo humponyoka pindi anapokubali kuazima macho ya vijitabu hivyo. Quito umeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa mahali 12 palipotangulia kuingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za ulimwengu mwaka wa 1978, hivyo umeandikwa na kupigwa picha kupita kiasi. Pili, umekaa karibu na mstari wa ikweta, mstari ule ule unaoikata Kenya.

Uandishi wa safari si jambo geni katika Kiswahili. Mnamo mwaka wa 1896, Selim bin Abakari, mtu mwenye asili ya visiwa vya Komoro, aliandamana na Mjerumani mmoja hadi Urusi na Siberia, na masimulizi yake yakachapishwa mwaka wa 1901 katika mkusanyiko wa safari za Waswahili ulioandaliwa na Carl Velten. Ilimbidi awaeleze watu wa mwambao nchi ya baridi ambayo wengi wao hawakupata kuiona. Hakungoja lugha iundiwe istilahi kwanza. Alitumia Kiswahili alichokuwa nacho. Inasikitisha kwamba Kiswahili cha utalii tunachokisoma siku hizi kimekwenda kinyume cha hapo. Sifa kama 'mandhari ya kuvutia', 'mji wa kupendeza' na 'ukarimu wa wenyeji' zinaweza kubandikwa Lamu, Naivasha au Quito pasipo kubadilisha herufi hata moja. Sifa inayotosha kila mahali haijasema lolote kuhusu mahali popote.

Mwinuko na pumzi

Quito umejengwa mita 2,850 juu ya usawa wa bahari, katika bonde jembamba lililo chini ya mlima wa volkano uitwao Pichincha. Kwa kuwa mlima umeuzuia upande wa magharibi na mabonde yenye kina kirefu yameuzuia upande wa mashariki, mji umelazimika kurefuka kutoka kaskazini hadi kusini kwa zaidi ya kilomita 40, kama mkeka uliotandazwa katika ujia. Kuna mashindano ya kutafuta ni upi mji mkuu ulio juu zaidi duniani. La Paz, makao ya serikali ya Bolivia, umezidi mita 3,600, lakini katiba ya nchi hiyo inautaja Sucre kuwa mji mkuu, na hapo ndipo watu wa Quito wanapopata nafasi ya kudai ushindi. Mjadala huo tuwaachie wachapishaji wa vijitabu.

Jambo lenye uzito ni pumzi. Watu wengi hudhani kwamba mahali pa juu hewa 'imepungukiwa na oksijeni'. Kauli hiyo haijakamilika. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ile ile, takriban asilimia 21, iwe Mombasa au Quito. Kinachopungua ni shinikizo la hewa yenyewe, ambalo huko Quito ni kama asilimia 70 hivi ya lile la pwani. Mapafu hujaa kama kawaida, ila kilichoyajaza ni chepesi. Ndiyo maana mgeni aliyetoka pwani hupanda ngazi kumi akahema kama aliyepanda mia, akaumwa kichwa, akakosa usingizi usiku wa kwanza na pengine akapatwa na kichefuchefu. Mwili haukai kitako. Huanza kwa kupumua haraka haraka, na baadaye, kadiri siku na majuma yanavyopita, huongeza chembe nyekundu za damu. Busara kwa mgeni ni kutembea polepole siku mbili za kwanza, kunywa maji, kujiepusha na pombe na kuuahirisha mlima. Tangu mwaka wa 2005 kumekuwa na vibanda vinavyoning'inia kwenye kebo ambavyo humpandisha mtu hadi mita 3,900 na ushei katika ubavu wa Pichincha kwa dakika chache, na wageni wengi hukimbilia huko asubuhi ya kwanza. Pumzi zao ndizo huwashtaki.

Hali hii watu wa Andes huiita soroche. Je, Kiswahili kinaiitaje? Ukifungua kamusi zetu hutapata jina moja lililokubalika. Wengine husema 'ugonjwa wa milimani', wengine hueleza dalili tu. Lakini ni kosa kuharakisha kusema kwamba Kiswahili hakina msamiati huo. Wapo wazungumzaji wa Kiswahili wanaoyatazama maradhi haya karibu kila siku ya kazi yao: wapagazi na waongozaji wa wapanda mlima huko Marangu na Machame. Mtu anayeingia Kilimanjaro akiwa mzima na kuteremshwa akiyumba anazungumziwa kwa Kiswahili, wala si kwa kimya. Mwanaleksikografia anayetaka istilahi aanzie huko kabla ya kwenda kuunda neno mezani.

Isitoshe, 'juu' yenyewe si moja kwa Wakenya wote. Mkaazi wa Mombasa anayefika Quito amepanda karibu mita 2,800 kwa safari moja. Mwanariadha aliyelelewa Iten, mita 2,400 hivi juu ya bahari, ameongeza mita 450 tu, na huenda asihisi lolote ila baridi. Wawili hawa wataandika kwa lugha moja, lakini mmoja atasimulia mji unaomnyima pumzi na mwingine atasimulia mji unaomkumbusha nyumbani. Fasihi ya safari katika Kiswahili imezoea kuchukua mwambao kuwa kitovu na bara kuwa 'juu huko'. Quito unatukumbusha kwamba Waswahili wa leo, kwa maana ya wazungumzaji, wengi wao ni watu wa nyanda za juu.

Kandanda nayo ina ushahidi wake. Mwezi Mei mwaka wa 2007 Shirikisho la Kandanda Duniani, FIFA, lilipiga marufuku mechi za kimataifa katika miji iliyopita mita 2,500, kwa hoja kwamba wageni huonewa na hewa. Mataifa ya Andes yalikuja juu. Kiwango kikapandishwa hadi mita 3,000 mwezi uliofuata, na mwaka wa 2008 marufuku yenyewe ikaondolewa. Swali walilouliza wenyeji lilikuwa zito: iweje mtu aambiwe kwamba nyumbani kwake si mahali pa haki pa kuchezea mpira? Kwa upande wao, joto na unyevu wa pwani ulikuwa ukiwachosha miaka yote, na hakuna aliyewahi kuupiga marufuku.

Saa ya Kiswahili kwenye ikweta ya mbali

Mgeni kutoka Afrika Mashariki akishazoea hewa, atagundua jambo ambalo mgeni wa Ulaya halitambui kwa urahisi: saa ya Kiswahili inafanya kazi Quito. Mji uko chini ya nusu digrii kusini mwa ikweta, hivyo jua huchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi na kutua karibu saa kumi na mbili jioni, mwezi Januari sawa na mwezi Julai. Nchi ziko mbalimbali kwa saa nane. Kunapokuchwa Nairobi, watu wa Quito wako saa nne asubuhi. Lakini mpangilio wa siku ni mmoja. Saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga, saa sita ni jua la utosi. Mtu anayehesabu hivi huko London wakati wa baridi ataonekana kama aliyepotewa na akili, maana jua la huko halitii. Mfumo wetu wa saa, ambao baadhi ya wanafunzi huuonea haya na kuuona kuwa wa kutatiza wageni, ni mfumo wa watu wa ikweta, nao hukubaliana na dunia popote ikweta ipitapo.

Kaskazini mwa mji kuna mnara wa mita 30 uitwao Mitad del Mundo, yaani 'kati ya dunia'. Ulijengwa kati ya mwaka wa 1979 na 1982 pahali pa mnara mdogo uliotangulia, na mstari wa rangi umechorwa sakafuni ili watalii wasimame mguu huku na mguu huku. Vipimo vya setilaiti vimeonyesha kwamba ikweta halisi iko kama mita 240 kutoka hapo. Watalii wanaendelea kusimama pale pale. Jirani na mnara huo kuna makumbusho ambapo mgeni huonyeshwa maji yakizunguka upande mmoja kaskazini mwa mstari na upande wa pili kusini mwake. Mkenya aliyewahi kushuka garini Nanyuki ataitambua karai hiyo mara moja. Ni mchezo ule ule, na ni mchezo tu: mzunguko wa dunia huathiri pepo na mikondo ya bahari, lakini athari yake katika karai ni hafifu mno kuweza kuonekana, upande wa kuzunguka huamuliwa na namna maji yalivyomiminwa. Inafurahisha kwamba mabara mawili, bila kuagana, yamebuni ulaghai mmoja kwa ajili ya mgeni yule yule.

Nyuma ya mnara huo mna kisa cha kweli. Mwaka wa 1736 wanasayansi wa Kifaransa, miongoni mwao La Condamine, Bouguer na Godin, walifika Quito wakiandamana na maafisa wawili wa Kihispania, Jorge Juan na Antonio de Ulloa. Ulaya ilikuwa ikibishana kama dunia imebonyea kwenye ncha zake, kama alivyodai Newton, au imerefuka. Wakatumia miaka mingi kupima digrii moja ya meridiani katika nyanda hizo za juu, katika baridi na mvua, wakisaidiwa na wenyeji waliowabebea mizigo na kuwaonyesha njia. Vipimo vyao viliunga mkono kauli ya Newton. Nchi ilipojitenga mwaka wa 1830 iliitwa kwa jina la mstari huo: Ecuador, kwa Kihispania, ni 'ikweta'. Majina ya Wafaransa yamechongwa na kuandikwa vitabuni. Ya wabebaji hayapo.

Mawe na dhahabu

Mji wa Kihispania ulianzishwa mwaka wa 1534, na siku inayosherehekewa ni tarehe 6 Desemba. Vitabu husema Sebastián de Benalcázar ndiye aliyeuanzisha. Msomaji makini atasita penye kitenzi hicho. Palikuwa na mji wa Wainka mahali hapo, na kabla ya Wainka palikuwa na watu wengine. Rumiñahui, jemadari wa Wainka, aliuteketeza mji kwa moto ili Wahispania wasiukute. Benalcázar 'alianzisha' juu ya majivu. Kiswahili kina vitenzi kadhaa vinavyofaa kuliko 'kuanzisha': kuna 'kutwaa', kuna 'kujenga juu ya', kuna 'kukalia'. Uteuzi wa kitenzi ni uteuzi wa upande, na hapa tafsiri ya moja kwa moja kutoka kijitabu cha Kiingereza humtia mwandishi wa Kiswahili upande asioukusudia.

Katika uwanja wa San Francisco kuna kanisa na nyumba ya watawa wa Kifransisko, ujenzi ulioanza miaka michache tu baada ya kutwaliwa kwa mji. Kuhusu uwanja huo kuna hekaya ambayo kila mwongozaji huisimulia. Cantuña, mjenzi mwenyeji, alipatana kuumaliza ukumbi wa mbele wa kanisa kwa siku maalumu. Siku zikamwishia. Akaiuza roho yake kwa Ibilisi kwa sharti kwamba kazi iwe imekamilika kulipopambazuka, pasipungue hata jiwe moja. Mashetani wakajenga usiku kucha. Alfajiri ikapatikana nafasi ya jiwe moja lililokosekana, mkataba ukavunjika, na roho ya Cantuña ikasalimika. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atamtambua hapa ndugu yake Abunuwasi: mnyonge anayemshinda mwenye nguvu kwa kuushika mkataba neno kwa neno.

Hata hivyo, hekaya hii ina sura nyingine isiyochekesha. Mawe yale yalichongwa na kubebwa na wenyeji chini ya amri ya ukoloni. Masimulizi yameitwaa kazi yao na kuwapa mashetani. Jambo hili halipaswi kuwa geni kwetu. Kwa miongo mingi wataalamu wa kigeni walipoyaona magofu ya mwambao wa Afrika Mashariki, Gedi ikiwa mfano, waliyahesabu kuwa ni kazi ya Waarabu na Waajemi, mpaka akiolojia ya baadaye ilipodhihirisha kwamba miji hiyo ilichipuka kutoka kwa jamii za Waafrika wa pwani ile ile. Huku wageni walipewa sifa ya mikono ya wenyeji, kule walipewa mashetani. Mgeni anayetoka Malindi anapomsikiliza mwongozaji wa San Francisco ana haki ya kuuliza swali la ziada.

Mwendo wa dakika chache kutoka hapo liko kanisa la Wajesuiti, La Compañía. Ujenzi wake ulianza mwaka wa 1605 na ukamalizika mwaka wa 1765. Kuta, nguzo na dari zake zimefunikwa kwa karatasi nyembamba za dhahabu kiasi kwamba jicho halipati pa kupumzika, na ni hapa ambapo vijitabu huishiwa na sifa. Miaka miwili baada ya kukamilika, mwaka wa 1767, mfalme wa Hispania aliwafukuza Wajesuiti katika himaya yake yote. Kinachosemwa mara chache mlangoni ni kwamba Wajesuiti wa Quito walikuwa wenye mashamba makubwa, na kwamba mashamba yao ya miwa katika bonde la Chota na Mira, kaskazini mwa mji, yalilimwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Dhahabu ile ni nzuri. Kukana hilo ni unafiki. Lakini kuitalii, kwa maana ya kuidurusu, ni pamoja na kuufuata mkono hadi kwenye shamba la miwa.

Makanisa mengine yanaweza kupitwa upesi. Basilika iliyowekewa jiwe la msingi mwaka wa 1892 ina kichekesho chake: badala ya majoka ya Ulaya, mawe yanayochungulia kutani yamechongwa kwa sura za wanyama wa Ekuador, wakiwemo kobe na mijusi wakubwa. Uwanja wa Uhuru na ikulu ya Carondelet hukumbusha tarehe 10 Agosti 1809, siku ya kilio cha kwanza cha uhuru, na mauaji ya wazalendo yaliyofuata tarehe 2 Agosti 1810. Uhuru wenyewe ulipiganiwa mlimani tarehe 24 Mei 1822, pale majeshi ya Sucre yalipowashinda Wahispania katika miteremko ya Pichincha, juu ya mita 3,000, wakipigana katika hewa ile ile inayomlaza mtalii kitandani.

Mlima huo haujalala. Kilele chake kiitwacho Guagua Pichincha kilimwaga majivu juu ya mji mwaka wa 1999. Aidha, makorongo yanayoteremka kutoka mlimani yalifukiwa zamani ili kupata barabara na viwanja, na maji hayakusahau njia yake. Tarehe 31 Januari 2022 mvua kubwa ilileta maporomoko ya matope katika mitaa ya magharibi na kuua zaidi ya watu 20. Mgeni anayeitembea barabara pana iliyonyooka katikati ya mji mkongwe huenda anatembea juu ya korongo. Chini zaidi kuna treni ya abiria iliyoanza kazi rasmi tarehe 1 Desemba 2023, yenye stesheni 15, mojawapo ikiwa chini ya uwanja wa San Francisco.

Lugha iliyo chini ya lugha

Watu wa Quito huzungumza Kihispania. Ila Kihispania chao kimekaliwa na lugha nyingine, nayo inaitwa Kichwa. Msomaji asidanganyike na sadfa ya jina. Halihusiani na kiungo cha mwili. Kichwa ni tawi la Kikechua, familia ya lugha iliyoenezwa na Wainka, kisha na wamisionari wa Kihispania walioihitaji ili kuhubiri. Historia hiyo ya lugha kukua kwa biashara ya watu, kwa dola na kwa dini inafanana na ya Kiswahili kwa kiasi cha kushangaza. Matokeo ndiyo yaliyotofautiana. Katiba ya Ekuador ya mwaka wa 2008 inakitambua Kihispania kuwa lugha rasmi, huku Kichwa na Kishuar zikiwa lugha rasmi za mahusiano baina ya tamaduni. Miaka miwili baadaye, Katiba ya Kenya ya 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na pia rasmi. Kwenye karatasi, Kiswahili kimepiga hatua kubwa zaidi. Ofisini, wasomaji wa jarida hili wanaijua hali.

Kwa mwanaisimu, Kichwa ni karamu. Ni lugha ambishi kama Kiswahili, ila viambishi vyake hukaa mwisho wa neno. Nyumba ni wasi. Nyumba nyingi ni wasikuna. Nyumbani ni wasipi. Kiambishi -pi kinafanya kazi inayokaribiana sana na ya -ni yetu, na mwanafunzi aliyetolewa jasho na mahali pa ndani, pa karibu na pa mbali atafarijika kuona kwamba hayuko peke yake duniani. Irabu ni tatu tu, a, i na u. Mtoto huitwa wawa, neno ambalo Wahispania waliliandika guagua, na mzee huitwa ruku. Vilele viwili vya mlima ule, Guagua Pichincha na Rucu Pichincha, kwa hiyo ni Pichincha Mtoto na Pichincha Mzee. Mtalii asiyeuliza hubeba majina hayo kama mizigo iliyofungwa. Na asubuhi ya baridi, hata yule mkaazi wa Quito asiyejua sentensi moja ya Kichwa hufunga koti na kusema achachay, tamko la Kichwa la mtu aliyeshikwa na baridi. Lugha iliyonyimwa ofisi imebaki katika mwili.

Msamiati wetu nao una deni kwa milima hii. 'Kwinini' imetujia kupitia lugha za Ulaya, lakini asili ya neno hufuatiliwa hadi Kikechua, na gome la mti wenyewe lilisifika kutoka Loja, kusini mwa Ekuador, ambako La Condamine alikwenda kuuchunguza mwaka wa 1737. Kwa upande mwingine, viazi vinavyopikwa Quito katika mchuzi mzito uitwao locro, vikatokoswa kwa muda mrefu kwa sababu maji ya huko huchemka kwenye nyuzi 90 hivi, ni mazao ya Andes tangu kale. Kiswahili kimeviita 'viazi ulaya'. Tulimpa msafirishaji heshima ya mkulima. Si sisi pekee: kofia nyeupe za ukindu ambazo dunia nzima huziita 'za Panama' husukwa Ekuador.

Picha ya mwaka wa 1599

Quito uliwahi kuwa na kipaji cha uchoraji na uchongaji kilichojulikana kote katika himaya ya Hispania, na mafundi wake wengi walikuwa wenyeji na machotara, kama vile Caspicara na Bernardo de Legarda. Miongoni mwa waliowatangulia ni Andrés Sánchez Gallque, mchoraji mwenyeji, ambaye mwaka wa 1599 aliwachora wanaume watatu: Don Francisco de Arobe na wanawe Pedro na Domingo. Walikuwa viongozi wa Esmeraldas katika pwani ya kaskazini, watu wenye damu ya Kiafrika na ya wenyeji, kutoka jamii zilizoanzishwa na Waafrika waliojinasua utumwani. Wamevaa hariri na kola za Kihispania, masikioni na puani wana mapambo ya dhahabu, mikononi wameshika mikuki. Picha ilichorwa Quito ili ipelekwe kwa mfalme Philip wa Tatu kuthibitisha kwamba watu hao wamekubali utawala wake. Macho yao yanasema mengi kuliko lengo la picha.

Mgeni anayeitafuta picha hiyo katika makumbusho ya Quito hataikuta, iko Madrid. Lakini bonde la Chota liko kaskazini mwa mji, mbele ya Ibarra kando ya barabara kuu iendayo Kolombia, na wazao wa wale waliolima miwa wangali huko, na ngoma yao iitwayo bomba. Kutoka bonde hilo walitoka Agustín Delgado na Ulises de la Cruz, wachezaji wa kikosi kilichoipeleka Ekuador katika Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza mwaka wa 2002. Bao la Delgado ndilo lililoifunga Brazil jijini Quito mwezi Machi 2001, katika hewa ambayo miaka sita baadaye ingeelezwa kuwa si ya haki.